Mwanzi Nyuma ya Mlango

Nyumbani kwetu Ifakara, nyuma ya mlango wa chumba cha mama, kulikuwa na mwanzi mmoja mkavu ambao hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuugusa. Haukuwa wa kuangulia maembe, wala wa kufukuzia mbuzi wa jirani, wala wa kuanikia nguo. Ulimzidi baba urefu kidogo, una alama mbili za kisu karibu na ncha, na kwa kushikwashikwa ulikuwa umeng'aa katikati kama mpini wa jembe la siku nyingi. Siku moja niliuchukua ili nishushe ndala yangu iliyorukia juu ya bati. Mama si mtu wa kupiga, lakini jioni ile nilikula chakula changu nimesimama.

Ulikuwa mwanzi wa kupimia palizi. Mama aliongoza kikundi cha wanawake waliopalilia mpunga wa watu kule bondeni, upande wa kwenda Namawala, na mwanzi huo ndio uliosema kila mmoja wao atafanya kazi kiasi gani kwa siku. Mpunga ulipoanza kushindana na majani, mwenye shamba alikuja uani kwetu Jumapili baada ya misa. Wanawake walikaa kwenye mikeka, yeye akapewa kiti, kwa kuwa alikuwa mgeni na mtu mzima. Alikuwa mfanyabiashara, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, mwenye duka la vitenge na sukari karibu na soko, na majaruba yake ya mpunga yalikwenda mbali kuliko macho ya mtoto. Hapo uani palipangwa mambo mawili tu: mwanzi ugeuzwe mara ngapi ili kupata ngwe moja, yaani kipande cha mtu mmoja kwa siku, na ngwe hiyo ilipwe kiasi gani. Palipojaa maji mwanzi ulihesabiwa mpaka alama ya chini, palipokauka mpaka alama ya juu. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mara nyingine mzee aliondoka kwa hasira, akafika njia panda, akarudi. Wakishakubaliana, hakuna aliyebadilisha neno mpaka mpunga uchanue.

Nimekaa maofisini miaka mingi sasa. Nimehudhuria mikutano yenye kiyoyozi na maji ya chupa, na sijaona mkutano unaojua kwa nini umekaa kama ule wa mikekani.

Kipimo hicho cha mwanzi kilikuwa sheria ya kwanza. Sheria ya pili ndiyo iliyonichoma moyo mimi. Kila mwanamke alianza ngwe yake kutoka tuta moja, akipalilia kwenda mbele. Aliyemaliza kwanza hakupanda juu kupumzika. Alizunguka mpaka mwisho wa ngwe ya yule aliyebaki nyuma kuliko wote, akaingia majini upande wa pili, akapalilia kumwelekea mpaka wakutane uso kwa uso. Hilo waliliita kumpokea mtu, kama unavyompokea mgeni mzigo kabla hajafika mlangoni. Kisha wote walipanda tutani pamoja, na wote walilipwa sawasawa, hadharani, kila mkono ukionekana.

Baba alikata miwa huko juu, kupita Mkula, kwenye mashamba ya wakulima binafsi, na alirudi nyumbani mvua zilipofunga barabara za miwa. Yeye ndiye aliyetuletea maneno "mkataba wa hali bora". Alisema kuna watu wawili wanakata muwa uleule, kwa panga lilelile, jua lilelile likiwawakia, lakini mmoja yuko ndani ya mkataba uliosainiwa na chama cha wafanyakazi, na mwingine, kama yeye, yuko nje, anachukua anachopewa na mtu aliyemleta. Wa ndani alikuwa na likizo na buti. Wa nje ana Mungu, alisema baba, akacheka peke yake. Halafu akamwambia mama kwamba katika nyumba hii mwenye hali bora ni yeye, maana mkataba wake uko nyuma ya mlango. Mama alikuwa akisonga ugali na hakugeuka, lakini niliona mabega yake yakicheka.

Nikisema ninaikumbuka palizi, watu wa mjini hunishangaa. Kazi ile ilikuwa ngumu na sitaki kuipaka sukari. Mgongo uliuma, tope lilikula kucha, na ruba walijibandika miguuni mpaka mtu akazoea kuwabandua bila kuacha kuongea. Lakini ninaikumbuka, na mara nyingine ninaikumbuka hadi machozi. Tulikuwa tunatoka asubuhi ukungu ukiwa bado umelalia mpunga, kanga moja kiunoni na moja kichwani, ndoo ya togwa ikipokezanwa njiani. Wanawake wengi walikuwa watu wa upande wa Mahenge na Ulanga, Wakatoliki, na walipoingia majini walianza nyimbo za kanisani kwa Kipogoro, polepole, kwa sauti mbili. Nyimbo zikiisha yalianza masengenyo, na hayo yalikuwa matamu zaidi. Mchana tulikula chini ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ambamo watu hulinda mpunga, wali wa jana na perege wa kukaanga, na harufu ya maji ya mpunga ikichanganyika na ya samaki. Mpaka leo nikipita mahali mvua imetoka kunyesha juu ya majani mabichi, njaa inanishika.

Katika kikundi kile alikuwemo bibi mmoja jirani yetu. Alikuja bondeni akiwa mwari wa kuolewa, akamzika mumewe hapa, na watoto wake walikuwa Dar es Salaam ambako walisahau kwamba wana mama. Mgongo wake ulikuwa umeshainama wenyewe, naye alipenda kusema kwamba sisi wengine tunahangaika kuinama wakati yeye ameshafika. Alipalilia vizuri lakini taratibu mno. Jua likiwa limesimama utosini sisi tulikuwa tunakaribia mwisho, yeye hajafika katikati. Malipo yale ndiyo yalikuwa chumvi yake, sabuni yake na sadaka yake ya Jumapili. Angelipwa kwa mkono wake peke yake angepata nusu, na nusu isingemtosha kuishi. Hilo lilijulikana na kila mtu, na yeye alilijua kuliko wote.

Mimi nilikuwa sekondari wakati huo, na likizo nilikwenda bondeni na mama. Nilikuwa na mkono mwepesi. Sijisifu, waliokuwepo wapo. Nilipalilia kama mtu anayefukuzwa, nikawa wa kwanza karibu kila siku, na malipo ya kuwa wa kwanza yalikuwa kutumwa kumpokea bibi. Nilizunguka tuta huku nimekunja uso. Niliingia majini, nikapalilia kumwelekea nikihesabu kimoyomoyo kila kitu ambacho ningeweza kununua kama ningelipwa kwa mkono wangu. Viatu vya shule, kwa mfano. Vyangu vilikuwa vimefungua mdomo mbele. Jioni nilimuuliza mama ni haki gani hii, mimi nafanya kazi ya mtu na nusu na kulipwa ya mtu mmoja. Mama alinijibu kwamba haraka haraka haina baraka. Nikasema polepole nayo haina viatu. Akaniangalia sana, akaendelea kuchambua mchele.

Ndipo akaja msimamizi. Alikuwa mpwa wa mwenye shamba, kijana aliyetoka chuoni, mwenye buti za mpira ambazo alikuwa akizifuta kila alipopanda tutani. Mzee alikuwa ameanza kusumbuliwa na miguu, akamwachia shamba msimu ule. Kijana hakukaa kwenye kiti cha uani kwetu. Alisimama na kusema, kwa adabu kabisa, baada ya kumwamkia mama shikamoo, kwamba utaratibu wa mwanzi umepitwa na wakati. Kuanzia sasa kila mtu atapimiwa alichopalilia mwenyewe na kulipwa hicho. Mwenye nguvu atafaidi nguvu zake. Alisema mfumo wa sasa unamfanya hodari amlipie mzembe, na alipofika kwenye neno mzembe macho yake yalikwenda kwa bibi. Bibi alikuwa akitoa mwiba kwenye kidole na hakuinua kichwa.

Mama aliuchukua mwanzi na kuulaza mapajani.

"Mwanangu," alisema, "huu unapima shamba. Haupimi watu."

Kijana akasema haya, asiyetaka asilazimishwe. Majaruba ya karibu na barabara yabaki kwa mwanzi, na ya mbali, kule karibu na mto, atayafanya na wanaotaka kulipwa kwa mkono wao. Akauliza nani anataka. Wasichana wenzangu wakatazamana. Mimi sikumtazama mtu. Nilinyoosha mkono.

Mama hakunikataza. Usiku nilisubiri anigombeze, hakunigombeza, na hilo liliniudhi zaidi kwa sababu nilikuwa nimeshaandaa majibu.

Siku za kwanza zilikuwa asali. Nilipalilia, nikapimiwa, nikalipwa, nikanunua viatu vyeusi vya kufunga kamba na kuvaa nyumbani bila sababu ili mama avione. Nilikuwa sahihi, na kuwa sahihi ukiwa na umri ule ni utamu usio na mfano. Wala leo sitasema kwamba nilikosa haki ya kudai. Mkono ulikuwa wangu.

Ila kulikuwa na jambo ambalo hatukulifikiria. Msimamizi hakuwa na mwanzi. Alipima kwa hatua zake. Alisema kipande kimoja ni hatua kadhaa huku na hatua kadhaa kule, akatembea, tukaweka vijiti. Tulipomaliza mapema, kesho yake hatua zilikuwa ndefu kidogo. Tukakaza, tukamaliza mapema tena, na hatua zikarefuka tena. Tulimwona kwa macho yetu akinyanyua ile miguu yenye buti kama korongo anayevuka dimbwi. Malipo ya kipande yalibaki palepale. Kufika katikati ya msimu, mimi mwenye mkono mwepesi nilikuwa napalilia eneo kubwa kuliko la mwanzi na kupata kilekile walichopata wanawake wa mwanzi, na wenzangu wasiokuwa wepesi walipata chini ya hapo. Tulikuwa tumemwonyesha wenyewe kwamba inawezekana.

Na hatukuwa na pa kusemea. Hapakuwa na mkeka wala Jumapili. Kila mmoja alilipwa pembeni, kwa kunong'onezwa, na kuambiwa asiwaambie wenzake kwa kuwa yeye amependelewa. Baadaye tuligundua kila mmoja wetu alipendelewa. Nyimbo zilikufa siku ya pili au ya tatu, maana huwezi kuimba sauti mbili na mtu unayetaka kumpita. Tukaanza kulipua kazi. Ndago, lile jani lenye mizizi kama karanga, halitaki haraka. Lazima uingize vidole topeni ulifuate mpaka chini. Sisi tulikata vichwa tukasonga mbele. Kwa juu jaruba lilionekana safi, na msimamizi akiwa amesimama tutani na buti zake aliridhika.

Ndago halikuridhika. Lilirudi likiwa na hasira.

Mzee mwenyewe alikuja siku moja kwa pikipiki ya kukodi, akiwa ameikunja kanzu yake mpaka magotini. Alisimama kwanza upande wa barabara, kwenye majaruba ya mwanzi, ambako mpunga ulikuwa umesimama peke yake juu ya maji masafi, na wanawake walikuwa wakiimba. Kisha akaja kwetu mtoni. Aliinama kwa shida, akang'oa ndago moja na mizizi yake yote, akalishikilia mbele ya mpwa wake.

"Umenipunguzia malipo," alimwambia, "ukaniongezea majani."

Hakupaza sauti. Jumapili iliyofuata alikuwa uani kwetu kwenye kiti, na kijana alihamishiwa dukani kupima sukari, kazi ambayo nasikia aliifanya vizuri sana. Mzee hakusema kwamba mama alikuwa sahihi. Alibishana naye kama kawaida mpaka chai ikapoa.

Sisi wa mkono wetu tulitakiwa kuomba kurudi. Kikundi kilikuwa na faini yake kwa aliyetoka na kurudi, nayo ilikuwa ndoo ya togwa iliyopikwa na mkosaji mwenyewe. Baba, ambaye mvua zilikuwa zimemrudisha nyumbani, alinitania kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama nikakuta mvunguni hamna kitu. Nilipika togwa kwa hasira. Bibi ndiye aliyepewa kata ya kwanza. Alionja, akatafakari, akasema hii ni togwa ya mtu mwenye haraka, haijachachuka. Wanawake walicheka mpaka mmoja akateleza kutoka tutani, na mimi nikacheka nao ingawa sikutaka. Baada ya hapo hakuna aliyelitaja jambo lile tena.

Siku ile nilimaliza wa kwanza, kama kawaida yangu. Nilizunguka mpaka mwisho wa ngwe ya bibi, nikaingia majini, nikaanza kumwelekea. Sikuhesabu viatu. Nilifuata ndago mpaka chini. Tulipokutana, bibi aliinua uso, ukiwa na tope puani.

"Umefika?" akaniuliza.

"Nimefika, bibi."

Basi. Akashika mkono wangu, tukapanda.

Nimesimulia haya kwa sababu ya jambo lililotokea msimu uliopita, na kwa sababu tangu hapo silali vizuri.

Siku hizi ninafanya kazi Morogoro mjini, kwenye ofisi nzuri tu. Nina mkataba wa kudumu. Kwenye meza ya pili kutoka yangu anakaa dada anayefanya kazi ileile ninayofanya mimi, lakini yeye ameletwa na wakala, na kwa maswali anayouliza mwisho wa mwezi najua tunapishana sana kwa mshahara. Najua kwa kukisia tu. Ofisini kwetu mshahara ni siri kama ugonjwa. Kila mmoja anadhani amependelewa, au anaogopa kwamba hakupendelewa, na hakuna anayeuliza. Watu wa chama cha wafanyakazi walikuja mara moja wakatugawia fulana. Nimeshawahi kusimama pale karibu na mashine ya kuchapia, nikiwatazama wenzangu wameinamisha vichwa kila mmoja kwenye kipande chake, nikamkumbuka baba, ambaye ametangulia, na utani wake wa wa ndani na wa nje. Yule dada ni wa nje. Mimi niko ndani, na sijui nizunguke kupitia wapi ili nimpokee.

Mama yuko palepale Ifakara. Bibi alishafariki siku nyingi, wanawake wa kikundi wakambeba kwa zamu mpaka makaburini. Mzee naye hayupo, shamba ni la watoto wake. Barabara ina lami, daraja limechukua kazi ya kivuko, na bondeni kuna dawa za kuua majani na mashine zinazovuna kutwa nzima kwa kelele. Bado lakini kuna majaruba ya mpunga wa kupandikizwa ambayo wenyewe wanataka mkono, na kikundi kipo, ingawa kimepungua. Kinaongozwa na mwanamke kijana mwenye simu mbili na mdomo mmoja unaotosha watu wanne. Mwanzi umebaki nyuma ya mlango wa mama, kwa heshima, na kila asubuhi ya palizi huyo kiongozi anaupitia.

Nilikwenda kumchukua mama. Magoti yake yameharibika, na nilikuwa nimeshampangia chumba kwangu chenye dirisha la kutazama milima. Nilimwambia hana haja ya kuingia tena kwenye tope, mimi namtumia hela kwa simu na nitaongeza. Alinishukuru. Halafu akasema hela ya mtoto ni tamu, ila inakuja na maswali, na yeye amezoea ya kwake isiyouliza kitu. Lakini kulikuwa na kitu kingine kilichomsumbua, nikakijua jioni, alipokuwa akijipaka dawa ya magoti. Alisema amekuwa wa mwisho. Kila siku sasa ni yeye anayepokewa. Ameamua kesho atawaambia wamlipe nusu, na wakikataa ataacha, atakwenda nami Morogoro. Alisema hivyo akitazama mlango ambao nyuma yake kulikuwa na mwanzi. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikaona kazi yangu imefanyika bila mimi kusema neno.

Asubuhi nilimsindikiza. Ukungu ulikuwepo, togwa ilikuwepo, hata nyimbo zilikuwepo, ingawa mmoja alikuwa na redio ndogo. Kiongozi alipoanza kugeuza mwanzi, mama alimgusa bega.

"Mimi nipimieni nusu ngwe," alisema. "Mnilipe nusu."

Yule mwanamke aliusimamisha mwanzi mbele yake, akatelezesha kidole kutoka juu mpaka chini.

"Alama ya nusu iko wapi, mama? Mimi naona ya maji na ya kavu tu."

"Msinionee huruma."

"Hakuna anayekuonea huruma. Tungekuwa tunakuonea huruma tungekuacha nyumbani ulale."

Akaendelea kupima. Alimpa mama ngwe nzima, katikati ya nyingine zote. Mama alisimama pale kidogo, kisha akavua ndala, akanipa nizishike, akaingia majini.

Alipalilia kama bibi. Sikutaka kuliona hilo lakini nililiona, mgongo uleule, taratibu ileile, vidole vikifuata ndago mpaka chini. Wengine walisonga, yeye akabaki. Jua lilipofika utosini alikuwa hajafika katikati, na mimi nilisimama tutani na viatu vyangu vya ofisini nikiona kila hatua yake inavyomuuma. Sikuvumilia. Nilizunguka mbio mpaka mwisho wa ngwe yake, nikatupa viatu, nikakunja sketi, nikaingia. Mkono haujasahau. Nilikuwa nimeshapalilia kipande kizuri alipoinua kichwa na kuniona.

"Wewe panda juu," alisema.

Nikamwambia nataka kumsaidia.

"Ndiyo maana nasema panda. Wewe ni mwanangu, unanisaidia. Hawa hawanisaidii. Wananipokea."

Nilipanda. Nilikuwa na tope mpaka magotini, na kama nitasema ukweli, niliona wivu. Msichana mmoja, mwembamba, mwenye kitambaa chekundu kichwani, alikuwa amemaliza wa kwanza. Alikuja akizunguka tuta na uso umekunjwa, uso ninaoujua kuliko huu wa kwenye kioo. Alinipita bila kuniamkia, akaingia pale nilipotoka, akaanza kupalilia kumwelekea mama. Nilitazama njia nzima. Walipokaribiana mama alinyooka, akashika kiuno.

"Umefika?"

"Nimefika, mama."

Akampa mkono, wakapanda pamoja na wenzao. Malipo yalitolewa palepale tutani, hadharani, na mama alipokea yake, sawa na ya msichana, akayafunga kwenye pindo la kanga. Hakunitazama na hakuwa na haja.

Jioni kiongozi alikuwa na safari ya sokoni, mama akiwa amechoka mno, kwa hiyo mwanzi ukakosa wa kuurudisha. Mama alinionyesha kwa kidevu. Niliubeba begani njia nzima kutoka bondeni, yeye akitembea mbele na ndala zake, na Morogoro haikutajwa. Tulipofika niliuegemeza mwenyewe nyuma ya mlango. Asubuhi nilipanda basi peke yangu.